Buddha Ana Lipi la Kumwambia Mtu wa Likoni?

Swali liliulizwa na mwalimu mstaafu, na hakulizungusha. Mtu wa Likoni, Mombasa, awe Mwislamu au Mkristo, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa, msiba usiokwisha moyoni na usingizi usiokuja, anapoanza kusoma mafundisho ya Buddha kwenye simu yake ili ajitengeneze, je, anajitibu au anajipoteza?

Aliyetakiwa kujibu kwanza alikuwa baharia aliyekwisha kuacha kazi, maana ndiye aliyeyaleta mambo haya uani kwa Mwalimu, huko Timbwani. Wengine ni ustadh wa madrasa, muuguzi, dada aliyerudi kutoka Saudi Arabia na kijana anayesukuma mkokoteni feri. Majina yao hayatajwi kwa kuwa hawa si watu fulani. Ni sauti zilizopangwa zibebe hoja ambazo watu wa ng'ambo hii ya Kilindini wanazo kweli. Miaka, hesabu na matukio wanayoyataja ndiyo yaliyotokea.

Baharia hakuanza na vitabu. "Mimi sikufuata dini ya mtu," alisema. "Nilifanya kazi melini na Waburma na Wasri Lanka. Melini hakuna pa kukimbilia. Ukikasirika, unalala na hasira yako kitanda cha chini, na uliyemkasirikia yuko kitanda cha juu. Mmoja wao akimaliza zamu alikuwa akikaa kitako, anafumba macho, anaziangalia pumzi zake zinavyoingia na kutoka. Basi. Hakuna udi, hakuna sanamu. Nikamwuliza, akanieleza. Nikajaribu nami, nikaona hasira inapanda, inafika mwisho wake, inashuka yenyewe nisipoichochea."

Aliyefundisha hayo, Siddhartha Gautama, aliishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata miaka 2,500 iliyopita. Alizaliwa katika nyumba ya utawala huko Lumbini, ambayo leo iko Nepal, akaacha mke na mtoto akaenda kutafuta jibu la uzee, maradhi na mauti. Alichorudi nacho kinaelezeka kwa maneno machache: maisha yana mateso, mateso yanalishwa na tamaa na kung'ang'ania, yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha, yenye mambo manane ya kufuata, yakiwemo kusema, kutenda na kutafuta riziki kwa njia ya haki. Katika hayo manane, kukaa kimya na kufumba macho ni sehemu tu. Hilo lafaa lisemwe mapema, kwa sababu wengi wanaokutana na Buddha kwenye simu wanakutana na sehemu hiyo peke yake: ulale vizuri, upunguze wasiwasi, ufanye kazi zaidi. Habari ya kutafuta riziki bila kumdhuru mwenzio haitangazwi.

Baharia ana mfano mmoja anaoupenda, nao ni wa Buddha mwenyewe. Mtu amechomwa mshale. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe: maradhi, kifo, hasara. Kisha anachomwa wa pili, na huo anajichoma kwa mkono wake, kwa kujilaumu, kuhofia, kulikumbuka jambo na kulirudia usiku kucha. Mshale wa kwanza haukwepeki. Wa pili unaweza kuuzuia.

"Mzee wangu, niwie radhi, hapo nakukatiza," alisema kijana wa mkokoteni. "Tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa asubuhi, feri ya MV Mtongwe ilipinduka karibu na gati. Watu 272 walikufa. Chombo kilichotengenezewa watu 300 kilipakia zaidi ya hao. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nyumbani kwetu habari hiyo haijaisha. Huo ni mshale wa ngapi? Miaka 25 baadaye, Septemba 29, 2019, gari likateleza kutoka feri ya MV Harambee likazama, ndani yake mama na binti yake wa miaka minne. Likatolewa majini Oktoba 11, nchi nzima ikitazama. Nyinyi mnaniambia niangalie pumzi. Mimi nataka kujua nani aliyeshika upinde."

Katika mjadala wote huu hakuna hoja nzito kuliko hiyo, na anayefundisha utulivu Likoni bila kuijibu hastahili kusikilizwa. Mateso ya watu wa upande huu hayakushuka yote kutoka mbinguni. Mengine yalipangwa ofisini, mengine yakaachwa yatokee kwa sababu ukaguzi haukufanywa au chombo kilijazwa kupita kiasi. Kumwambia mfiwa kwamba uchungu wake unatokana na kung'ang'ania kwake, na kunyamaza kuhusu waliopakia watu kupita kiasi, ni kumwonea mara ya pili.

Baharia hakuwa na jibu la haraka. Mwalimu ndiye aliyemsaidia, kwa kwenda India.

"Yuko mtu aliitwa Ambedkar," alisema. "Alizaliwa katika tabaka ambalo watu wengine hawakukubali hata kuligusa. Shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Akasoma mpaka New York na London, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Tarehe 14 Oktoba 1956, katika mji wa Nagpur, aliingia dini ya Buddha, na watu laki kadhaa wa tabaka lake wakaingia naye. Hakwenda kwa Buddha ili anyamaze. Alikwenda kwa sababu aliona humo mafundisho yasiyomwambia kwamba alizaliwa duni. Na katika vita vya Vietnam alikuwepo mtawa Thich Nhat Hanh, ambaye hakubaki hekaluni kufumba macho huku vijiji vikipigwa mabomu. Yeye na wenzake walitoka wakasaidia waliobomolewa nyumba. Martin Luther King alimpendekeza apewe Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1967."

"Kwa hivyo mtu anaweza kuangalia pumzi na akaandamana?" kijana aliuliza.

"Anaweza. Na huenda akaandamana vizuri zaidi, kwa kuwa hatarusha jiwe la kwanza."

Ustadh alikuwa amesikiliza kwa muda mrefu. Alipoanza kusema hakupandisha sauti, lakini kila mtu aliweka kikombe chake cha chai ya tangawizi chini.

"Mimi nina maswali mawili," alisema. "La kwanza: tuna dawa nyumbani, mbona twenda kuazima? Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa kabisa wa Baghdad. Mwaka 1095 ulimi wake ulikataa kusema mbele ya wanafunzi, chakula hakikupita, matabibu wakashindwa. Akaacha cheo, akaacha mali, akaenda Sham. Aliyoyaandika baada ya hapo, Ihya, yana kitabu kizima cha mtu kujichunga na kujihesabu nafsi yake: asubuhi aiwekee sharti, jioni aiulize imefanya nini. Na hapa kwetu pwani, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliuweka moyo wake mbele yake akauhoji katika Al-Inkishafi, akauonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, mabwana wake walioondoka. Hiyo si taamuli? Kwamba vitu vyote vinapita, hilo wazee wetu walihitaji mtu wa Nepal aje kuwaambia?"

"La pili ni zito zaidi. Agosti 2017, huko Myanmar, nchi ya mahekalu na watawa, jeshi liliwafukuza Warohingya, Waislamu, na zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Kabla ya hapo mtawa Wirathu alikuwa akizunguka na hotuba za chuki dhidi ya Waislamu, joho lake mwilini. Sri Lanka nako, Juni 2014, Waislamu wa Aluthgama walichomewa maduka na nyumba baada ya watawa kuhutubia. Hawa walikaa kitako tangu utotoni, wakaangalia pumzi. Waliona nini humo?"

Baharia alitikisa kichwa. "Sina la kutetea hapo, Ustadh."

Dada aliyerudi Saudi ndiye aliyejibu, na jibu lake lilitoka mahali ambapo Ustadh hakupatarajia.

"Ustadh, nisamehe kwa nitakalolisema. Nyumba niliyofanyia kazi Riyadh, mwenye nyumba alikuwa hakosi swala hata moja. Pasipoti yangu aliifungia kabatini. Mshahara wa miezi ya mwisho sikuupata. Nikiugua, naambiwa najifanya. Mimi sikusema Uislamu ndio ulionifungia. Nilisema huyu mtu swala yake haijamfika."

Palikuwa kimya. Kisha Ustadh akasema, "Umesema kweli, dada yangu. Swala haikumfika." Hakuongeza neno, na hakurudi tena kwenye Myanmar. Ni vigumu kuona jinsi ambavyo angejibu vizuri zaidi ya hivyo. Dini yoyote inaweza kuvaliwa na katili. Swali lenye maana ni lile ambalo watu wa kila dini huliogopa: mafundisho haya yamemfanya huyu aliyeyashika amtendee vipi aliye chini ya mkono wake?

Dada aliendelea, kwa kuwa alikuwa hajasema alichokuja kusema. Nyumba hiyo ilikuwa na mfanyakazi mwingine, mama wa makamo kutoka Sri Lanka. Walilala chumba kimoja kando ya stoo, magodoro mawili chini, na katikati yao pasi na kikapu cha nguo za kesho. Lugha yao ilikuwa Kiarabu cha jikoni. Kila mwezi unapokuwa mpevu, siku ambayo kwao Sri Lanka ni ya mapumziko kitaifa na huitwa Poya, yule mama alikuwa hali kitu baada ya adhuhuri. Hakuwa na ruhusa ya kuwasha ubani wala kuweka picha. Alikuwa akikaa juu ya godoro lake, uso ukutani, mikono pajani, kimya kwa muda, kisha anainuka kwenda kuosha vyombo vya chakula cha usiku ambacho yeye hakukila.

"Mwezi wa Ramadhani alikuwa akinifunikia futari yangu isipoe," alisema. "Siku zake za mwezi mpevu, mimi nilikuwa namfanyia kazi za jioni. Hakunifundisha dini yake, wala mimi sikumfundisha yangu. Siku niliyopata habari ya kifo cha mamangu, na ruhusa ya kurudi kuzika nikanyimwa, alinikalisha akanishika mkono, akanionyesha kwa vidole: pumua, pumua. Usiku ule mimi nisingefika asubuhi bila yeye. Sasa mkiniuliza kama nimeingia Ubuddha, nawaambia hapana. Mkiniuliza kama nilisaidiwa na Mbuddha, siwezi kukana."

Wale wanaosema mambo haya ni mageni kabisa kwetu wanasahau historia ya pwani na ya jirani zake. Dar es Salaam ina hekalu la Buddha lililoanzishwa yapata mwaka 1920 na watu waliotoka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Mti wa hekalu hilo uliletwa kutoka kwao. Uganda ina mtawa wake, Bhante Buddharakkhita, aliyezaliwa mwaka 1966 kwa jina la Steven Kaboggoza. Alikutana na watawa wa Thailand akiwa mwanafunzi India mwaka 1990, akapewa daraja la utawa Marekani mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha kituo karibu na Entebbe. Wala kuyatafakari maisha si jambo geni kwetu. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wa vijijini, watu wasiosoma vyuoni, akachapisha mwaka 1990 kitabu kinachowahesabu kuwa wanafalsafa kamili. Na mwaka 2007 msomi Kai Kresse aliandika kitabu kizima kuhusu falsafa ya mabaraza ya Mombasa, akimpa nafasi kubwa Ahmad Nassir, mwandishi wa utenzi wa Mtu ni Utu.

Mwalimu alipenda zaidi kisa kingine. Hadithi ya maisha ya Buddha ilisafiri kutoka India ikaingia Uajemi, ikaandikwa kwa Kiarabu enzi za makhalifa wa Baghdad kama kisa cha Bilawhar na Yudasaf, mwana wa mfalme aliyeacha jumba la babake baada ya kuona maradhi na kifo. Kutoka Kiarabu ikaenda Kigeorgia, Kigiriki, kisha Kilatini. Ulaya yote ikamsoma, na Kanisa Katoliki likamweka kijana huyo, kwa jina la Josaphat, katika orodha ya watakatifu wake wa tarehe 27 Novemba. Kwa karne nyingi Waislamu na Wakristo walikuwa wakipata mawaidha kutoka kwa Buddha pasipo kumjua. Ustadh alicheka, akasema kisa hicho atakihakiki. Akihakiki atakikuta.

Lakini Mwalimu mwenyewe hakuja kwenye mambo haya kwa hadithi. Yeye ni mtu wa bara, aliyeletwa Likoni na kazi ya serikali. Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Kisha watu wa bara wakaanza kuwindwa, nyumba na vibanda vikachomwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia hizo na wapatao 100,000 wakahama. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba mwaka huo. Maelfu walilala katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, na sauti ya Mwalimu ni ya mmoja wao.

"Baada ya hapo nilisoma kila kitu," alisema. "Nilimsoma Epictetus, aliyekuwa mtumwa Roma, anayesema ugawe mambo mafungu mawili, yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako. Nikamsoma Ayubu. Nikaja kumsoma Buddha kwa sababu ya huyu baharia. Wote walinisaidia kidogo. Lakini kabla ya vitabu vyote palikuwa na jirani yangu Mdigo, aliyebeba magodoro yangu na vyeti vyangu akavificha uvunguni mwa kitanda chake, huku akijua vikionekana naye ataulizwa. Nilipotaka kuchukia kabila zima, yeye alinizuia kwa kuwepo kwake tu. Vitabu vilikuja baadaye kunieleza kitu ambacho yeye alikwisha kukitenda."

"Ndiyo, Mwalimu, lakini chuki iliisha?" Dada aliuliza.

"Haikuisha. Niliacha kuilisha. Hapo ndipo nilipomwelewa Baharia. Kila Agosti inakuja. Naiona inakuja, naipisha. Na Tume ya Akiwumi ilipokuja kuchunguza ghasia zile sikusema mambo yamepita tuyasahau. Anayesamehe bado anaweza kutoa ushahidi."

Muuguzi, ambaye wenzake humwita Sista, ndiye pekee aliyekuja na hesabu. Mwaka 1979, alisema, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alichukua taamuli ya Kibuddha, akaitoa ibada, akaifanya mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Tangu hapo utafiti umekuwa mwingi. Mwaka 2014 watafiti waliyapima pamoja majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500, wakaona taamuli inapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. "Kiasi kidogo hadi cha wastani," alirudia. "Si muujiza. Na mwaka 2020 uchambuzi mwingine wa tafiti 83 ukaonyesha kwamba karibu watu 8 katika kila 100 walipata madhara, hasa wasiwasi na sonona kuzidi. Kwa hivyo Baharia, ukimkuta mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usimwambie afumbe macho akae kimya. Mlete hospitali. Na mtu anayetumia heroini, mwili wake ukishaizoea, hahitaji nasaha za tamaa na kung'ang'ania. Anahitaji methadoni, kisha nasaha."

Kisha akataja jambo la Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliona nchi yake haina madaktari wa akili wa kutosha, akawafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilikuwa na wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, katika wale waliokaa na mabibi, 14 kati ya kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50 kati ya kila 100. Mpango huo umefika hata Zanzibar. "Wale mabibi hawakufundisha pumzi," Sista alisema. "Walifundishwa kusikiliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja alitatue kwanza. Sisi Likoni mabibi tunao."

Kijana wa mkokoteni alikuwa na lake la mwisho, na lilihusu nafasi. Amesikia kuwa kuna mafunzo ya siku kumi ya kukaa kimya, yale aliyoyaeneza S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma, na kwamba hayana ada. Mtu hutoa mchango akitaka. Yamewahi kufanyika hata Kenya. "Hayana ada, ni sawa," alisema. "Lakini mimi nikikaa kimya siku kumi, nyumbani watakula nini? Hii falsafa ni ya watu wenye likizo."

"Wewe lango la feri likifungwa, mkokoteni umejaa, huwa wafanya nini?" Baharia alimwuliza.

"Natukana."

Watu walicheka. Baharia hakucheka. "Kabla ya kutukana, waisikia wapi mwilini?"

Kijana alitaka kujibu haraka, akanyamaza. Alikuwa akiyakumbuka kweli: jua la saa nane, madumu ya maji yaliyofungwa kwa kamba, wenye miguu wakisukumana nyuma, mlinzi na filimbi yake. Akapeleka mkono kwenye taya. "Hapa. Meno yanakaza. Halafu mabega."

"Basi anzia hapo. Huhitaji likizo. Meno yakikaza, yajue kuwa yamekaza, uvute pumzi tatu. Lango litafunguliwa vilevile. Ukimaliza, kama kuna mlinzi aliyekuonea, nenda ukamshtaki. Utamshtaki ukiwa na maneno kamili."

Kijana hakusema kama amekubali. Alimgeukia Ustadh. "Mimi madrasa nimesoma, nikahitimu. Nilifundishwa kusoma, nilifundishwa udhu, nilifundishwa mirathi. Hakuna aliyeniuliza hasira yangu naisikia wapi."

"Hilo deni ni letu," Ustadh alijibu. "Ihya iko kabatini, na sisi twaifungua tukihitaji hotuba." Kwa mtu aliyeingia uani akiamini kwamba kuazima ni aibu, hayo yalikuwa maneno makubwa, na yanafaa kusikika pia makanisani, ambako kijana mwenye sonona huambiwa imani yake ni ndogo.

Ubishi ulikuwa bado, na si lazima uishe. Baharia bado anaamini kwamba karibu kila mshale una sehemu ambayo mtu anajichoma mwenyewe. Kijana bado anaamini kwamba kazi ya kwanza ni kumtafuta mwenye upinde. Anayesoma mjadala huu aruhusiwe kuona kwamba wote wawili wana haki, ila si kwa wakati mmoja wala kwa mtu yuleyule. Saa tisa usiku, mfiwa akiwa peke yake kitandani, la Baharia ndilo litakalomfikisha asubuhi. Asubuhi ikifika, mbele ya ofisi inayosimamia vyombo vya kuvusha watu, la kijana ndilo la kuulizwa, na liulizwe kwa barua, kwa wakili na kwa kura.

Kwa yeyote wa Likoni anayeyajaribu mambo haya kwa simu yake, mambo mawili. Mwalimu anayekudai pesa ili akufunulie siri, au anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, mkimbie, awe amevaa joho la rangi ya zafarani, kanzu au kola. Na ikiwa aliye nyumbani kwako amefika pabaya, amejaribu kujiua au anasema atajiua, usimfiche kwa kuogopa kituo cha polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimhesabu mtu huyo kuwa mhalifu, na familia nyingi zilinyamaza kwa sababu hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mpelekeni hospitali ya Likoni, au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz kule Changamwe, na mmoja wenu abaki naye.